Mninga wa Mizinga

Juzi nilipita kwa fundi mmoja pale Nachingwea. Msumeno wake ulipoanza kulia nikajikuta nimechuchumaa, kanga kichwani. Vijana wakacheka. Wacheke tu, hawakuwepo.

Wazungu waliokuja kulima karanga walipofunga virago waliuza mashine zao. Mbili zilikuwa ndogo, za kupasulia mbao. Moja msumeno wake mrefu ulipanda na kushuka polepole kama mtu aliyeshiba ugali wa mtama. Nyingine ilikuwa na msumeno wa duara, ikinguruma mpaka kuku wanakimbia. Baba alitaka ya polepole. "Hii ikigonga kitu inakwama, unaizima," alisema. Mjomba akataka ya kunguruma. Wakabishana, wakatukanana, mwisho wakashikana sokoni mchana kweupe, baba akang'oka jino. Lakini kwetu mwenye neno ni mjomba. Baba alikuwa mkwe tu, aliyekuja kukaa kwa kina mama. Mashine ya kunguruma ikaja kijijini kwetu Nambambo.

Mjomba akaangusha mninga mkubwa aliokuwa akitundikia mizinga ya nyuki tangu ujana wake. Asali ya mti ule, ndugu yangu, naisikia ulimini hadi leo! Siku hiyo niliwapelekea togwa. Unga wa mbao ulinukia vizuri, na utomvu mwekundu wa mninga ulichuruzika. Mara mlio ukabadilika. Paa! Msumeno ukapasuka, kipande kikamkata baba shingoni. Akaanguka juu ya mbao, na sikujua ipi damu yake, ipi ya mti.

Ndani ya gogo mlikuwa na chuma. Zamani mjomba alipigilia vyuma vilivyoachwa na Mjerumani, apate pa kukanyaga akipanda kurina. Mti ukavimeza, naye akasahau. Mama alipokiona kile chuma alichukua mchi akamvunja mjomba bega. Mjomba hakujikinga. "Piga, dada yangu," alisema, "piga."

Ndiye aliyetulea. Hakuonja asali tena mpaka anakufa. Nilimpenda, nikamchukia, vyote kwa pamoja.

Juzi nilipoinuka nilimwambia yule fundi aupapase mti kwanza, asije akakuta chuma cha kupandia mizinga.

"Bibi, mbao hizi zinatoka Mafinga, kwenye miti ya kupandwa," akanijibu. "Huku mti wa kutundika mzinga utauona wapi?"

Nikasimama pale mlangoni, mtu mzima mimi, naulilia mti uliomuua baba yangu.