Weka Ungo Chini Kwanza

Enzi zetu kule Busi, kabla simu hazijaingia kila nyumba, maneno yalitembea kwa miguu, na miguu yenyewe ilikuwa yetu sisi watoto. Ukirudi shule, uji wa uwele hujaumaliza, unaambiwa kamwambie fulani hivi, na ole wako ubadilishe neno njiani. Mliokulia Kondoa mnakumbuka. Unakimbia huku unairudia ile sentensi, unaruka korongo nayo, unapita wenzako wanaocheza rede bila kuwatazama, halafu ukifika kwa watu salamu zinaanza na sentensi yote inayeyuka.

Maana salamu zilikuwa ndefu. Shikamoo ilikuwa mlango tu. Nyuma yake kulikuwa na habari za nyumbani, za shamba, za mbuzi, za yule aliyekuwa anakohoa. Kwa Bibi tulisema Kirangi, taratibu, macho chini. Dukani tulisema Kiswahili cha haraka. Uwanjani tulisema maneno ambayo Bibi angeyasikia tungelala na njaa. Wenzangu walihama kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine bila kufikiri. Mimi nilifikiri. Usiku nilijiuliza kama ile "marahaba" ya mama wa jirani ilikuwa fupi kuliko ya jana.

Shuleni tu ndiko nilikokuwa na uhakika. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alitaka usimame wima, mikono nyuma, utoe jibu kwa sauti na kwa sentensi kamili. Ukijibu kwa neno moja, unarudia. "Sema lote," alikuwa akisema, "na wa nyuma wasikie." Nilisema lote. Nilipigiwa makofi.

Basi siku moja Bibi akanituma kwa Mama Saidi, jirani yetu. Ujumbe ulikuwa mfupi: Bibi anakuita, uje na khanga. Lakini nilikuwa nimewasikia wakubwa wakinong'ona jikoni, na nikaona ujumbe huo una upungufu. Mama Saidi alikuwa uani anapepeta uwele. Nilisimama mlangoni, nikaweka mikono nyuma.

"Mama Saidi, kaka yako Juma amefariki dunia leo asubuhi."

Sentensi kamili. Wa nyuma wote walisikia.

Ungo ulimtoka mikononi. Hakulia. Alisimama vilevile, mikono imebaki hewani kama bado inapepeta, na kuku wakaja wakaanza kula uwele kwenye miguu yake. Hakuna aliyewafukuza. Mpaka leo nikisikia kuku wanadonoa kwenye ardhi ngumu, naenda kuwafukuza.

Bibi hakunichapa, jambo lililoniogopesha zaidi. Jioni alinikalisha karibu na mafiga akaniambia kwa Kirangi maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama haya: habari ya namna ile haipelekwi kwa mbio. Unamwita mtu kwa jambo jingine. Anafika, anaketi, anapewa maji, anaona nyuso za watu. Mwenyewe anaanza kujua, na anapoambiwa anakuwa ameshaketi. "Wewe umempiga mtu aliyesimama," alisema. Mama Saidi aliendelea kuniitikia salamu, lakini hakunituma tena.

Nilikua, nikaenda chuo Dodoma, nikasomea mawasiliano ya umma. Naomba msicheke. Nilikaa Nkuhungu kwa Bibi mdogo, mdogo wake Bibi, wa mwisho aliyebaki katika ndugu zake. Sasa nina barua kumi na saba za maombi ya kazi, kila moja nimeiandika upya mara nne, na bado sijui kama "natumaini" inaonyesha unyenyekevu au njaa.

Mwezi uliopita, alfajiri, Bibi mdogo alifariki. Baba akaanza kushughulikia gari la kumrudisha Busi kuzikwa, na mimi akanitanguliza. "Nenda ukamwambie bibi yako," alisema. "Wewe si umesomea mambo haya?"

Hofu yangu haikuwa Bibi peke yake. Bibi hana simu, lakini kijiji kizima kina vijana wenye simu. Binamu yangu Hamisi, mwenye miaka kumi na sita, ambaye shikamoo yake ina herufi nne na haisubiri jibu, angeweza kuweka TANZIA kwenye kundi la ukoo kwa herufi kubwa na vikatuni vitano vinavyolia. Nilimpigia nikamsihi asubiri. "Poa dada, ila watu wana haki ya kujua mapema," akasema. Ni mimi niliyewahi kusimama mlangoni kwa Mama Saidi nikiwaza hivyohivyo.

Njia nzima nilipanga maneno. Niliandika kwenye simu: Bibi, nimekuja kwa habari ngumu. Nikafuta. Bibi, Mungu amempenda zaidi. Nikafuta. Yote yalinuka barua za kazi.

Nilimkuta uani anapepeta uwele.

Nikatoa shikamoo, akaitikia. Akauliza habari za mjini, nikasema salama. Akauliza za baba yangu, nikasema salama. Nilijua anayefuata. Akafungua mdomo kumuulizia mdogo wake, na mimi, badala ya yote niliyopanga, nikasema kwa Kirangi, "Bibi, naomba uweke ungo chini kwanza."

Alinitazama. Akauweka chini polepole, akaufunika na khanga yake kuku wasiufikie. Kisha akakaa kwenye mkeka, akapapasa nafasi pembeni yake.

"Kaa," akasema. "Alipumzika saa ngapi?"

Nikamwambia. Tulikaa hivyo, bega kwa bega, mpaka simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Sikuitoa. Nilijua ni Hamisi na herufi zake kubwa, na kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amechelewa.

Zamani habari ilikuja na mtu, na mtu huyo alibaki nawe mkekani. Leo inakuja peke yake, inakukuta popote ulipo, na inaondoka nyingine ikija juu yake. Bibi yeye alipata wa kumwambia aweke ungo chini. Yangu siku ikifika, nadhani nitaisoma kwenye simu, nikiwa nimesimama.