Pole ya Mtu wa Bati

Mjukuu wangu anasoma mambo ya kompyuta chuoni Mbeya. Nasema wazi, na anayeona najisifu na aone: katika ukoo wetu mzima hapa Njombe hakijatokea kichwa kama kile. Likizo iliyopita alikuja na kompyuta yake ya kubeba, tukakaa jikoni karibu na moto, maana baridi ya Juni haina adabu. Akanifungulia filamu ya watu waliotengenezwa kiwandani.

"Bibi," akasema, "hawa wanaitwa roboti. Usiogope."

"Niogope nini? Mimi roboti nilimjua mama yako hajazaliwa. Tulimpa na pole."

Akacheka mpaka chai ikampalia. Basi nikamsimulia, na hapa naandika kama nilivyomsimulia, kwa maandishi yangu ya darasa la nne.

Wakati ule tulikuwa tumepanga Makambako, upande wa relini. Mimi ni Mpangwa wa Lugarawa, Mkatoliki. Mume wangu alikuwa Mbena, Mlutheri, mpasua mbao. Yeye juu ya gogo, mwenzake shimoni, wanavutana msumeno kutwa nzima. Na alikuwa na mdomo, jamani! Akirudi kutoka msitu wa Kifanya, unga wa mbao umejaa kwenye nyusi, hata hajakaa ameshaanza: nani kateleza, nani kakimbizwa na nyuki, tajiri kasema nini na amevaa nini alipokuwa anasema. Nilikuwa nasonga ugali huku mbavu zinaniuma.

Tulikuwa na mtoto mmoja wa kike. Kwetu ukishazaa unaitwa kwa jina la mtoto wako, Mama fulani, Baba fulani, lako la ubatizo linabaki kanisani. Kichomi kikamchukua mtoto wetu msimu wa baridi, hajaanza hata shule. Tukamzika kwa kina mume wangu, mlimani, kwenye ukungu. Siku ya kuvunja tanga, baba mwenye msiba ndiye husimama kushukuru watu: waliochimba, waliopika, waliobeba maji. Akishashukuru, watu wanaondoka, msiba umekwisha. Mume wangu hakusimama. Mama mkwe akamgusa bega. Wapi. Ikabidi mdogo wake ashukuru badala yake.

Tukarudi Makambako, watu wakawa hawajui watuite nani. Wanakutana naye njiani, wanamwamkia, "Kamwene, Baba..." halafu wanameza iliyobaki. Yeye anatikisa kichwa tu. Kazini anakwenda, ugali anakula, ukimwuliza kitu anajibu "ee". Mimi nililia, niligaragara, nilitukana mpaka miti. Yeye anatazama ukuta. Majirani wakampa jina, Mashine. "Mashine kapita." "Leo Mashine katiwa mafuta?"

Nikachoka. Kufiwa niliweza, lakini kufiwa halafu nilale na gogo, hapana. Nikatuma ujumbe Lugarawa, kaka yangu aje kunichukua siku ya mnada. Nguo zangu nikazifunga kwenye kanga, nikaziweka mlangoni makusudi azione. Aliziona. Akaziruka, akaenda kazini.

Jumapili kabla ya mnada, watu wametoka ibadani, nilikuwa nauza viazi vya kuchemsha mlangoni mwa banda la video. Lilikuwa banda la mabanzi, jenereta nyuma, televisheni moja juu ya meza. Filamu zote za Kizungu, kwa hiyo alikuwepo jamaa mmoja mwenye tumbo na kipaza sauti, kazi yake kututafsiria. Kizungu chake tulikitilia shaka, ila maneno alikuwa nayo. Mume wangu alikuwa ameitwa kugongelea benchi lililovunjika. Alipomaliza akabaki amelikalia, nyundo mkononi.

Siku hiyo ilikuwa filamu ya mtu wa bati. Wazazi fulani wa Ulaya, kazi zimewazidi, wamemnunua awalelee mtoto.

"Huyu, ndugu zangu," anasema mtafsiri, "hali, halali, hadai mshahara. Matajiri wa mbao wa hapa wangemwoa!"

"Kama Mashine wetu!" akapiga kelele mtu wa nyuma. Banda zima likageuka kumtazama mume wangu. Yeye macho mbele.

Kisha mtoto wa kwenye filamu akaugua, akafa. Wazazi wakavaa nyeusi, wakalia, wakazika. Mtu wa bati hakuwekewa machozi alipotengenezwa. Basi kila jioni anaandaa meza, anaweka sahani ya mtoto, anasimama nyuma ya kiti anasubiri. Wanaiondoa, kesho anaiweka tena. Wakasema ameharibika. Likaja gari, wakamchukua, mafundi wakamzima. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo.

Hakuna aliyeinuka.

"Imeisha," akasema mtafsiri. "Tokeni, wenzenu wanasubiri nje."

"Imeisha vipi?" Huyo alikuwa mama mmoja muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, sauti kama mlango mbovu. "Huyo mlezi kafiwa. Nani kampa pole?"

"Mama, yule ni chuma."

"Chuma kinaweka sahani? Wewe na tumbo lako uliwahi kumwekea nani sahani? Rudisha nyuma!"

"Rudisha! Rudisha!" Mabenchi yakapigwa.

Akarudisha mkanda mpaka pale mtu wa bati amesimama nyuma ya kiti, akausimamisha, picha inatetemeka. Mama wa ulanzi akajifunga kanga vizuri, akaenda mbele, akainama kama anaingia nyumba ya msiba. "Pole, mwanangu. Ulimlea vizuri." Wengine wakamfuata, foleni hadi mlangoni. "Pole, shemeji." "Pole, fundi, ni kazi ya Mungu." Walianza kwa kucheka. Katikati ya foleni kicheko kikakatika, sijui nani alikikata.

"Na nani atashukuru?" akauliza yule mama. "Huyu hana hata mdogo wake."

Ndipo mume wangu akasimama.

"Nashukuru," akasema. Sauti ilikuwa imeota kutu. "Nashukuru kwa niaba yake. Si kwamba hakutaka. Aliona akishashukuru, watu wataondoka, na mtoto ndiyo basi tena." Akaiweka nyundo chini. "Waliochimba, nashukuru. Waliopika. Waliobeba maji kupanda ule mlima. Aliyeleta chumvi."

Kwenye filamu hakuna aliyebeba maji. Hakuna mlima. Nilikaa chini palepale, sufuria ya viazi mapajani. Yeye akaegemea nguzo, akalia kwa sauti kubwa ambayo sikujua kama anayo, na mama wa ulanzi akamshika mkono. "Pole, Baba," akasema, akalitamka jina la mtoto wetu lote, hakulimeza.

Mjukuu wangu aliponisikiliza mpaka hapo akasema, "Lakini Bibi, roboti hana hisia. Ni programu tu."

Najua. Na waliomtunga yule walijua. Walimnyima machozi makusudi, ili sisi tuliokaa kwenye mabenchi tuhangaike kumtafutia. Mtu mwenye machozi yake tuliishi naye mtaa mmoja tukamwita Mashine. Ilipokuja mashine yenyewe tukaiita mwanangu. Hiyo hata chuoni sijui kama wanawafundisha.

Siku ya mnada kaka yangu akafika, amejaa vumbi. Mume wangu akampokea mlangoni, akamtilia ulanzi, akaanza kumweleza habari za mtoto. Alivyoogopa jogoo wa jirani. Alivyokataa uji usio na karanga. Kaka akanitupia jicho.

"Dada, mizigo iko wapi?"

"Ngoja amalize."

Hakumaliza. Jua likageuka, lori la kurudi likapiga honi, kaka akainuka amenuna. "Yaani mmenitoa Lugarawa nije nisikilize habari za jogoo!" Nikamfungia viazi vya njiani, akaondoka peke yake.

Mume wangu hata hakukatisha. Alikuwa amefika mahali alipokuwa akimfundisha mtoto kupiga mluzi, kule shimoni kwenye mbao. Nilishtuka. Mwanangu alijua kupiga mluzi, na mimi mama yake sikuwa na habari.

"Alikuwa anapigaje?" nikamwuliza.

Akakunja midomo. Ilikuwa imekauka, ikatoka hewa tupu. Akailamba, akajaribu tena.