Mchora Piko na Vigarimoshi vya Shantilal

Mwanangu Kabibi alianza kuchora piko akiwa na miaka kumi na sita, na hakufundishwa na mtu. Alikaa tu karibu na wanawake waliokuwa wakipamba maharusi hapa Kisumu Ndogo, akatazama, akarudi nyumbani akajichora mguu wake mwenyewe. Alipofika ishirini, nyumba kubwa za mjini Malindi zilikuwa zinamwita, za Waarabu na za Wahindi. Mkono wake hautetemeki. Anaweza kuchora ua juu ya kidole cha mwisho, na ukisogeza macho utaona hadi mishipa ya jani.

Mimi ni mtu wa kushuku. Nimelea watoto wanne peke yangu kwa mahamri na mbaazi za nazi, na aliyelea hivyo usingizi wake huwa wa mang'amung'amu. Kwa hiyo siku Kabibi aliporudi kutoka harusi ya Zoya, binti wa mwenye duka la vitambaa, akaniambia kuwa mzee mmoja wa Kihindi anamtaka nyumbani kwake kila Jumamosi akampakie rangi garimoshi, niliweka mwiko chini.

"Garimoshi gani? Malindi haina reli."

"Vya kuchezea, mama. Vidogo hivi." Akaonyesha urefu wa kipande cha muhogo.

"Mzee wa miaka sabini anachezea garimoshi?"

"Hachezei. Anakusanya."

"Na wewe unakwenda kukusanywa?"

Jumamosi ile nilijifunga leso yangu nzuri nikamfuata, na sinia la mchele mkononi, ili nisionekane nimekaa bure.

Mzee mwenyewe alikuwa Shantilal, aliyeuza misumari na saruji miaka mingi kabla ya kumwachia duka mwanawe Nimesh. Baba yake alikuwa karani wa stesheni kule Voi, na Shantilal alikulia pale, nguo zake zikinuka moshi wa makaa. Uzeeni akaanza kuagiza vigarimoshi kutoka Uingereza, kimoja kimoja. Vilikuja vya kijani, vya buluu, vyeusi. Yeye alivitaka vya rangi ya damu ya mzee, na namba za manjano ubavuni, kama magarimoshi aliyoyapungia mkono utotoni. Tena alitaka kutu, masizi na mikwaruzo.

"Kitu kipya, kisha ukichakaze?" nilimwuliza.

"Ndivyo vilivyokuwa, Mama Kabibi," akasema. "Namba hii ilikuwa na mkwaruzo hapa. Ilimgonga ng'ombe pale stesheni ya Maungu."

Sikumwamini. Niliketi mlangoni nikichagua mchele, jicho kwake. Mkewe, Chanchalben, alinitazama nikimtazama, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Usihofu, dada. Huyu ana mke mmoja na mabehewa arobaini, na asiyetazamwa ni mke."

Miaka mitano nilikwenda na sinia langu. Sikupata kosa, ila jambo moja. Mzee alitaka Kabibi aandike jina lake na mwaka chini ya kila kichwa cha garimoshi alichokimaliza. Alisema fundi mzuri huacha jina. Nikakataa katakata. Baba yangu, kule Kikambala, aliombwa atie kidole kwenye karatasi, akaambiwa ni ya kuonyesha tu kwamba yeye ni mkazi mwema. Karatasi ile iliondoka na shamba.

"Jina la mtoto wangu halikai juu ya mali ya mtu," nilimwambia. "Kesho ikipotea, wataanza kumtafuta nani?"

Mzee aliinamisha kichwa, hakubishana. Kabibi alininunia siku mbili, lakini alitii.

Mwaka huu Chanchalben akashindwa na ngazi. Wakaamua kuhamia nyumba ya chini kule Kilifi, nyumba ndogo isiyo na nafasi ya meza ya reli. Nimesh akaleta mnunuzi kutoka Nairobi, mtu aitwaye Gachanja, na Kabibi akaitwa aeleze kazi yake. Nami nikaenda. Nani angenizuia?

Gachanja alivaa glavu nyeupe kama daktari, akatoa kioo cha kukuzia. Akainua kichwa kimoja, akakigeuza tumbo juu, akasonya.

"Nani alivipaka hivi?"

"Mimi," akasema Kabibi.

"Dada, umeharibu. Mkusanyaji anataka kitu kama kilivyotoka kiwandani, rangi ileile, boksi lilelile. Kikishapakwa upya, thamani inashuka nusu, wakati mwingine zaidi."

Nimesh akaruka. "Papa, si nilikwambia? Mchora piko! Ulimpa mchora piko! Watu wajue basi nani ametutia hasara!"

Yesha, mke wa Nimesh, alikuwa jikoni akisikia kila neno, na jamaa zake wamejaa kila nyumba kuanzia hapa hadi Kilifi. Ikifika Ijumaa, hakuna bibi harusi ambaye angemnyooshea Kabibi mkono. Miaka yote ile ya kujijengea jina ingeisha kwa kauli ya mtu mwenye glavu.

Basi nikamtazama huyo Gachanja. Mtu akiona chakula kimechacha hakinusi mara ya pili. Vichwa vitatu ambavyo Kabibi hakuwahi kuvipaka, vikiwa bado ndani ya maboksi yake, alivitazama mara moja, akavisifu, akaviweka. Vya Kabibi alivirudia. Alivipiga picha, akavifunga kimoja kimoja kwa karatasi laini kana kwamba ni mayai.

"Baba," nikamwambia, "kama vimeharibika, viache. Chukua hivyo vitatu vizima uende salama."

"Hapana, mama, nitavibeba vyote. Nawasaidia tu."

"Tangu lini mtu akatoka Nairobi kuja kuzoa taka za watu?"

Chanchalben akafunika mdomo kwa ushungi. Gachanja akavua glavu moja, akaketi.

"Mama, sikusema uongo. Kupaka rangi hushusha bei, na hilo kila mkusanyaji atakwambia. Lakini vya reli yetu hii, mimi sijaona kiwanda kinachovitoa. Wako watu wanavitafuta, na hao hulipia mkono wa fundi. Ila fundi ajulikane. Jina liwe chini, na mwaka. Hapa hakuna jina. Bila jina, kimepakwa na yeyote yule."

Kabibi hakunitazama. Mzee Shantilal naye hakunitazama, na adabu yake iliniuma kuliko kelele za mwanawe.

"Aandike sasa hivi," nikasema.

"Jina la leo juu ya rangi ya miaka mitano? Mama, na kushuku kwako kote huko, wewe ungeamini?"

Nisingeamini.

Mzee akainuka, akaenda pale vilipokuwa vile vitatu, akafungua boksi akatoa kichwa cha kijani ambacho hakijaguswa na brashi. Akamwekea Kabibi mezani.

"Binti yangu, andika namba, aone mkono wako."

"Papa!" Nimesh akapiga kelele. "Hicho ndicho cha bei kuliko vyote!"

"Ni changu."

Kabibi akanigeukia mimi. Nikatikisa kichwa kukubali. Akachovya brashi kwenye rangi ya manjano, akaandika tarakimu nne bila rula. Sisi tuliomzoea tunajua anavyofanya: mstari anauvuta kuja kwake, na mwishoni anaunyanyua ghafla, ukabaki mkia mwembamba uliojikunja kama ncha ya jani la piko.

Gachanja akaweka kioo juu ya namba mbichi, kisha juu ya namba ya kichwa kimoja cha zamani. Akachukua cha pili, cha tatu. Alivifungua tena vyote alivyokuwa amevifunga.

"Mkono ni mmoja," akasema. "Sasa hata jina la leo nitaliamini."

"Sema tena, na Yesha asikie," nikamwambia. "Mwiteni."

Yesha akatoka, unga wa chapati viganjani. Gachanja akarudia mbele yake, tena kwa sauti: kazi ya dada huyu haikuharibu kitu, na hiyo ndiyo anayoinunua. Kile cha kijani akasema hakitaki tena, maana sasa ni nusu kiwandani na nusu Malindi. Mzee akakipakata. Nimesh alitazama dirishani, kisha akamsogezea Kabibi kiti, asimwombe radhi kwa mdomo.

Kabibi akaandika jina lake chini ya kila kimoja, na mwaka aliokipaka, Chanchalben akimkumbushia. Mimi nilisoma herufi moja moja, na kabla Gachanja hajaondoka nilikipiga picha kitambulisho chake, na namba ya gari.

Jumapili Yesha akapiga simu. Binti wa dada yake anaolewa mwezi ujao, na anamtaka Kabibi kwa mikono yote miwili na miguu. Nilimwuliza mara mbili kama ni yeye kweli anayezungumza. Tumekubali. Nitakwenda naye.