Damu Iliyorudi

Weka kiganja juu ya goti lako, wewe unayenisikiliza, kisha ulikunje na kulinyoosha polepole. Ndani humo, katikati, kuna kamba fupi inayofunga mfupa wa paja na ule wa chini yake, usiteleze kwenda mbele. Madaktari wanaiita ligamenti. Yangu ilikatika siku niliporuka kutoka juu ya mizigo ya lori. Unyayo ulinasa katika tope, mwili ukageuka, goti halikugeuka. Nilisikia mlio kama ukuni mkavu unavunjwa.

Nilipasuliwa katika mji wa mbali, nikatengenezewa kamba mpya kutoka paja langu mwenyewe, nikarudi kwa ndege hadi uwanja wa Mavivi, karibu na Beni. Mimi ni dereva wa barabara ya Beni na Butembo, na mguu uliopasuliwa ni wa kushoto, ule wa kukanyagia embrayage, yaani klachi, kila unapobadili vitesi. Sikuwahi kujifunza kazi nyingine. Wiki zilipita, goti likabaki limevimba na dhaifu.

Docta mmoja wa clinique ya Kimemi, Butembo, akanieleza njia moja, nami nakueleza kama alivyonieleza. Wanakutoa damu mkononi, wanaitia ndani ya tube, kichupa chembamba, tube inazungushwa kwa mashine. Damu nyekundu ni nzito, inashuka chini. Juu yanabaki maji ya manjano, na katika maji hayo mna chembe ndogo sana, zile zinazokimbilia kidonda ukijikata, zikakiziba na kuita vya kukijenga. Maji hayo yanavutwa kwa sindano na kurudishwa ndani ya goti. Docta hakunidanganya. Alisema inaweza kusaidia, inaweza pia isisaidie sana, na mazoezi ya kiné, yule mtaalamu wa kunyoosha viungo, hayaachwi hata siku moja.

Nilielewa yote. Tatizo lilikuwa nyumbani, na lilikuwa ndani yangu pia.

Wakati wa Ebola, mdogo wangu alitolewa damu akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki uani kwetu, Beni. Tube yake iliingia katika sanduku dogo, sanduku likaondoka. Kesho yake aliondoka yeye. Hatukumwosha, hatukumshusha kaburini. Tulisimama mbali tukitazama watu waliovaa meupe wakimzika. Leo najua walikuwa wanatulinda. Lakini mama anasema mwanawe alianza kwenda na ile tube. Kile kiti hakikaliwi na mtu. Mara nyingine napita uani nakikuta kimegeukia njia, na hakuna anayekubali kwamba amekigusa.

Nilipomwambia habari ya sindano, mama aliweka chini sahani aliyokuwa anaosha.

“Hapana.”

“Mama, ni damu yangu. Itarudia mu mwili yangu.”

“Ya ndugu yako nayo ilikuwaka yake. Ilirudia?”

Bila radhi yake nisingekwenda. Siku ya nne nilimkuta amevaa kitenge cha kutokea, tasbihi mkononi.

“Tuende. Lakini ile damu haitaenda mbali na macho yangu.”

Mpimaji wa damu alikuwa dada mmoja Mkatoliki wa Lubero, mcheshi. Aliponifunga mpira mkononi nilifumba macho.

“Eh, papa chauffeur! Mukubwa hivi, unaogopa ka sindano?”

“Umuache,” mama akasema. “Haogope sindano. Anaona mutu.”

Yule dada hakucheka tena. Aliandika jina langu kwenye tube, akamwonyesha mama, akamwekea kiti mbele ya mashine. Mama alikaa hapo, shanga zikipita vidoleni, mpaka mlio ulipokwisha. Tube ilitoka imegawanyika kama alivyosema docta, nyekundu chini, manjano juu. Mama aliielekezea kidole.

“Ile ya juu inarudia kwake?”

“Yote, mama.”

“Na ile nyekundu?”

“Ile tunatupaka mu takataka.”

“Kwetu hatutupake. Kucha, nywele, damu ya mutu, vyote tunazikaka.”

Nilitaka kumwomba mama asitutie aibu. Lakini yule dada alimtazama docta, docta akakubali kwa kichwa. Nyuma ya clinique kuna shimo lenye mfuniko wa saruji, wanamoweka makondo ya nyuma ya wazazi. “Tuende wote, mama,” dada akasema, akavaa glavu mpya.

Kwa hiyo sindano ilipoingia gotini, na inauma, sitakuficha, nilikuwa natazama dirishani. Dada aliinua mfuniko, akamimina, akarudi nyuma hatua moja. Mama aliinama, akachota udongo, akatupia ndani mara tatu, kama sisi Waislamu tunavyomfanyia maiti wetu. Kisha akainua mikono, akataja jina. Dirisha lilikuwa wazi, nilisikia vizuri. Halikuwa jina langu.

Nyumbani mama alizificha tembe zangu za maumivu, kwa sababu docta alisema nisimeze za kupunguza uvimbe siku hizo bila kumuuliza. Zinaweza kuzizuia zile chembe zisifanye kazi. Leo nakanyaga embrayage kutoka Beni mpaka Butembo. Kama ni maji ya manjano au ni mazoezi, siwezi kuapa.

Mazoezi yenyewe nilianzia pale uani. Asubuhi moja mama alikileta kile kiti mwenyewe, amekifuta vumbi, akakiweka mbele ya benchi langu. “Weka mguu,” alisema. Niliuweka, na nilihisi kama kuna mtu anakishika kiti kisitikisike. Mpaka leo nahisi hivyo.

Basi nawe, kama umepasuliwa na kiné wako amekuruhusu: kaa, weka kisigino juu ya kiti kilicho mbele yako, sukuma goti chini mpaka paja likaze, hesabu mpaka tano, ulegeze. Rudia mara kumi.