Feni Tuliyoitoa

Mimi kutulia sijui. Hata leo nikingoja maji ya chai yachemke nazungukazunguka jikoni mpaka mke wangu anifukuze. Wakati ule sijafika hata miaka thelathini, na hali ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa nimerudi nyumbani Isansa baada ya miaka minne ya kuhangaika Tunduma na ng'ambo ya mpaka, leo nauza maturubai ya malori, kesho vipuri, keshokutwa sijui nini. Kilichonirudisha ni maneno ya Baba. Alikuwa amemwambia Mama kwamba macho yanamchosha na gari anataka kumwachia mmoja wetu. Mmoja yupi, hakusema.

Tulikuwa wanaume wawili. Mimi mkubwa, niliyeondoka. Mdogo wangu, aliyebaki na mibuni. Ukiuliza mtu yeyote pale kwetu nani anastahili, angekujibu kabla hujamaliza kuuliza, na jibu lisingekuwa mimi. Nililijua hilo, likanikereketa. Nililitaka lile gari, lakini zaidi nilitaka Baba aseme kwa mdomo wake kwamba ananiamini nalo.

Lilikuwa foo-wili refu la petroli, la milango miwili nyuma. Baba alilinunua miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia Mbozi na kugombania kahawa yetu. Kwenye kadi lilikuwa la Baba, ila kata nzima ililihesabu kuwa lake. Mgonjwa akizidiwa, hodi kwetu. Kwaya ikialikwa Ruanda, ile kata ya hapahapa Mbozi, hodi kwetu. Mtu akifia hospitali, anarudishwa nyumbani na gari letu. Baba hakuwahi kumkatalia mtu. Alikuwa anavaa koti, anachukua ufunguo msumarini, anatoka.

Lakini lilishindwa kilima. Ukitoka Mlowo, kwenye barabara kuu, umejaza watu na magunia, unafika kile kilima cha kwetu, gari linaanza kukata pumzi. Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza, halafu linatetemeka na kuzima. Nyanda za juu huku hewa ni nyepesi, na injini nayo inataka hewa ya kutosha ili iunguze mafuta sawasawa. Basi watu wanashuka, wanasukuma huku wanacheka, na kule juu Baba anamshika mkono mmoja mmoja kumshukuru. Wao waliona raha. Mimi nilikuwa naona aibu, nakaa pale nyuma na tope mpaka magotini, nasema moyoni siku nikishika usukani mimi, hakuna atakayeshuka hapa.

Mwaka huo Baba alikwenda Mbeya mjini kutibiwa macho, akakaa kwa ndugu wiki mbili. Ufunguo akaniachia mimi. Hakusema kwa nini, alisema tu, "Liangalie." Siku ya tatu nilikuwa Tunduma.

Pale nilikuwa na rafiki fundi, mtu wa Tanga, mcha Mungu, mpole wa maneno, gereji yake iko nyuma ya foleni ya malori. Uani kwake kulikuwa na mzoga wa gari kama letu kabisa, lililotoka kusini huko likagongwa mara tu baada ya kuvuka mpaka. Nilikuwa nimeuona zamani, na nilijua una nini chini ya boneti. Ulikuwa na supachaja. Ni pampu ya hewa, basi, kitu chenye ukubwa wa mkate mrefu, kinachozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Injini ikienda, nayo inaisukumia hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo hata uko mlimani injini inapumua kama iko pwani.

"Inaingia," fundi aliniambia baada ya kupima kwa kamba. "Injini ni ileile. Ila puli yake ya mkanda ni ndefu, inagusana na feni. Nipe siku mbili nikate chuma, nisogeze rejeta mbele, kila kitu kikae mahali pake."

Siku mbili. Nilikuwa nimeshakunywa soda tatu na kuzunguka lile gari mara hamsini.

"Na tukitoa feni?"

Alinitazama. "Feni ndiyo inayopoza rejeta, ndugu yangu."

"Likiwa limesimama. Likitembea si upepo unaingia wenyewe?"

"Likitembea kwa kasi, ndiyo."

"Basi mimi nitatembea kwa kasi. Toa."

Akatikisa kichwa, akaitoa. Nakumbuka aliifuta mafuta na kitambaa, akaiegemeza ukutani kwa adabu. Jioni hiyo nilipanda barabara kuu kurudi Mlowo, na Mungu anisamehe, sijawahi kuwa na furaha ile. Ukigusa mafuta, gari linakurupuka. Lilikuwa na mlio mpya, mwembamba, wa kulialia, unapanda kadiri unavyokanyaga. Malori niliyoyafuata maisha yangu yote nikila moshi wake niliyapita kama yamesimama. Mshale wa joto haukusogea hata kidogo. Kile kilima nilikipanda kwa gia ya tatu, nikashuka upande wa pili, nikageuza, nikakipanda tena bila sababu.

Baba aliporudi niliwahi kumpokea Mlowo, lakini nilikuja na pikipiki ya kukodi, nikamdanganya kwamba gari nimeliosha na viti havijakauka. Nilitaka nimwambie siku nzuri, gari likiwa limejaa, tukiwa kilimani. Nilikuwa na picha yake kichwani. Alfajiri yake nililiwasha ili nilitoe uani, naye akasikia.

"Hiyo sauti ya nini?"

"Beringi mpya, Baba. Zitazoea."

Akaitikia, akaendelea kupiga mswaki. Ulikuwa uongo mdogo wa kijinga, na ulinitoka upesi mno.

Siku hiyohiyo mchana zikaja habari kwamba shangazi, dada mkubwa wa Baba, aliyemlea baada ya mama yao kufa, amefariki hospitalini. Baba alikaa kwenye kigoda muda mrefu. Kisha akaniambia, "Kesho utakwenda kumchukua. Mimi nitawangojea njia panda na watu." Hakumwambia mdogo wangu. Aliniambia mimi, mbele ya Mama na mbele ya huyo mdogo wangu, na mimi, kwenye msiba wa shangazi yangu, nikafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi nilikwenda na shemeji wawili na wanawake wa kanisani. Tukamweka shangazi nyuma, tukarudi. Kilimani gari lilipanda bila kusita, na mama mmoja nyuma akasema, "Leo hatushuki?" Nilikaza meno nisitabasamu.

Njia panda tukawakuta. Watu walikuwa wengi, kwaya mbele, Baba na kofia yake mkononi. Na hapo, nikiwa bado na ule upumbavu wa furaha kifuani, nikakumbuka kitu ambacho mtoto wa miaka mitano pale kwetu anakijua. Marehemu hafikishwi kwao kwa kasi. Kutoka njia panda kwaya inaimba na kutembea, gari linafuata nyuma yao mwendo wa mguu, na kila mbele ya nyumba aliyokuwa akiingia kusalimia, linasimama, wa nyumba hiyo watoke wamuage. Ni kama kilomita nne. Shangazi yangu alikuwa anasalimia nyumba zote.

Nilikuwa nimekaa kwenye gari hilo toka utotoni. Nilishaliona likienda hivyo mara ngapi, Baba kwenye usukani ametulia, ameweka kiwiko dirishani. Na mimi nikasimama Tunduma nikasema nitatembea kwa kasi.

Nyumba ya kwanza, mshale ukainuka. Ya pili, ukapita katikati. Nilizima injini kila tuliposimama, nikawasha tena, haikusaidia. Jua lilikuwa kali, wimbo ulikuwa mrefu, na wale akina mama wa kwaya walikuwa wanaweka mguu mmoja mmoja kama wanahesabu punje za mahindi. Nyumba ya nne nilitoa kichwa dirishani nikamwambia kiongozi wa kwaya, mama mtu mzima, rafiki wa marehemu, "Mama, naomba muongeze mwendo kidogo."

Aligeuka akaniangalia. Hakuacha kuimba. Nafikiri angeniambia neno ningeumia kidogo kuliko vile.

Nikawaza, nikipata upepo hata wa mita ishirini, maji yatapoa. Nikagusa mafuta. Niligusa tu, lakini lile gari lilikuwa halijui tena kuguswa. Likaruka na ule mlio wake, kwaya ikatawanyika pande zote, mtu akaanguka kwenye mtaro, na nyuma yangu nikasikia jeneza likiserereka na shemeji wakilidaka. Nikakanyaga breki. Boneti ikaanza kutoa mvuke pembeni, halafu kukasikika kitu kinapasuka ndani, na injini ikazima yenyewe.

Wimbo ulikatika. Baba akaja toka mbele, taratibu. Hakuniangalia. Alivua koti, akashika nalo boneti, akaifungua, akakaa pembeni mpaka mvuke ukapungua. Kisha akainama ndani kwa yale macho yake yaliyotoka kutibiwa.

"Feni iko wapi?"

"Tumeitoa, Baba."

"Mkaiweka wapi?"

"Tunduma."

Akaifunga boneti polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akawageukia wanaume. "Tumbebe," akasema.

Wakambeba mabegani kilomita zilizobaki, wakisimama kila nyumba. Baba mwenyewe aliingia chini ya jeneza upande wa mbele, na mzee alikuwa mfupi kuliko wenzake, kwa hiyo alitembea na mkono juu, umenyooka, njia nzima. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake. Mimi nilijaribu kuingia, nikakuta nafasi zimejaa. Au labda hazikujaa. Nilitembea nyuma kabisa na wazee wasioweza haraka, na kwa mara ya kwanza mwendo huo ulinifaa.

Baada ya kuzika, Baba alisimama kushukuru kwa niaba ya ukoo. Akawashukuru wachungaji, kwaya, waliobeba. Aliomba radhi kwa aliyeanguka mtaroni. Halafu akasema, "Na gari, ndugu zangu, msije tena kwangu. Kuanzia leo ni la huyu mwanangu mkubwa." Akanionyesha kwa mkono uleule aliobebea. Watu wote wakanitazama.

Nilikuwa nimelitaka neno hilo kuliko kitu chochote. Nikalipata hivyo, mbele ya kaburi, gari likiwa limekufa barabarani. Sikujua kama nimepewa au nimeadhibiwa. Usiniulize, mpaka leo sijui vizuri.

Kichwa cha injini kilipinda. Niliuza pikipiki niliyokuwa nimeiacha Tunduma, bado naimalizia kulipa, gari likavutwa mpaka Tunduma, na fundi wa Tanga hakusema "nilikwambia." Alikata chuma, akasogeza rejeta mbele vidole vitatu, akarudisha feni. Ilimchukua siku mbili kamili. Nilizikaa zote pale juu ya tairi kuukuu, sikwenda popote.

Nikaanza kuitwa. Wagonjwa, magunia, kwaya, na misiba pia. Watu hawana gari jingine, wangefanyaje? Nilijifunza kwenda mwendo wa mguu bila injini kuchemka. Lakini Baba hakupanda. Nilikuwa namkuta anakwenda Mlowo kwa miguu, nasimama, nafungua mlango. "Nenda tu, mwanangu," anasema, "nanyoosha miguu." Hakununa. Angenuna tungegombana yakaisha, mimi ugomvi nauweza. Aliongea nami vizuri mezani, akaniuliza gari linaendeleaje kama anavyoulizwa mtu wa mbali. Misimu miwili ya mvua ilipita hivyo, na kila nilipompita kwenye tope nilitamani kulipiga lile gari teke.

Halafu goti likamvimba. Siku ya soko nilikuwa Mlowo napakia, watu wamejaa, magunia mpaka juu, nikaona mlango wa mbele unafunguka. Akapanda, akaweka fimbo katikati ya magoti, akatazama mbele. Niliogopa nikisema neno atashuka.

Tukafika kilimani. Nyuma watu wakaendelea na mazungumzo yao, hakuna aliyejiandaa kushuka, walishasahau kwamba zamani walikuwa wanashuka. Nilikanyaga, ule mlio ukapanda, gari likachukua mzigo likaenda nao. Gia ya tatu. Kwa pembe ya jicho niliona mkono wa Baba umeshika dashibodi.

"Linapanda," akasema.

"Linapanda, Baba."

"Hicho ulichofunga ndicho kinacholia hivyo?"

"Ndicho."

"Uliniambia ni beringi."

Tulikuwa katikati ya kilima.

"Hiki kilima," akasema, "mimi nimekisukumia baiskeli na gunia la kahawa kabla wewe hujazaliwa. Hakuna mtu anayekichukia kama mimi. Ungeniuliza ningekwambia hicho chombo kifunge, hata kesho. Ningekwambia tu feni usiiguse, maana kuna siku utatembea na mtu wetu." Akakohoa. "Ungeniuliza, dada yangu nisingembeba mimi."

Nilijua kuomba msamaha kwa kazi na kwa vipuri, si kwa mdomo. Neno lenyewe lilikuwa limenishinda tangu njia panda ile.

"Nisamehe, Baba," nikasema, na machozi yakanijaa hata barabara ikapotea.

"Angalia mbele," akasema. "Umebeba watu."