Ndugu Hawahesabiwi

Enzi zetu pale Misigiri, ukimuuliza mtu kwao wamezaliwa wangapi, ulionekana huna adabu au una jicho baya. Jibu lilikuwa "tupo tupo tu", basi, mnaongea mengine. Wenzangu mliokulia Iramba miaka ile mnanielewa. Wiki iliyopita nilitakiwa kulijibu swali hilo msibani kwa kaka yangu Elia, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia. Sina wa kumwambia humu ndani, ndiyo maana nawasimulia ninyi.

Mama yetu hakuhesabu watoto, wala baba hakuhesabu ng'ombe. Baba alisimama mlangoni mwa zizi akawatazama wakiingia, akajua nani kabaki porini. Mama alisema ukiwahesabu watoto unakionyesha kifo pa kuanzia. Jioni alitenga ugali wa uwele na mlenda, tukazunguka sinia moja, mikono tumeinawa juu juu, vumbi la mchezo wa kombolela bado liko viwikoni. Kabla hatujamega aliitazama ile mikono, akauliza, "Mkono wa Elia uko wapi?" Tukakaa na njaa zetu mpaka Elia atokee huko kwenye mawe alikojificha, na ugali unapoa. Jamani, tulimchukia yule mtoto.

Shuleni akaletwa mwalimu wa Kiingereza, mtu wa Tanga, suruali imepigwa pasi ya mkaa hadi mstari unaonekana toka mbali. Siku moja alimwaga alizeti mezani akatufundisha maneno ya kukadiria: "some", "a few", "many", "about". Tulifurahi sana. Kumbe na Wazungu nao wana "tupo tupo" yao! Tuliyaimba mpaka mtoni, tulipokwenda kuchota maji.

Kesho yake mwalimu akabadilisha somo, akataka tutaje idadi ya ndugu zetu. Akaanza na Elia, ambaye alikuwa karudia darasa nikamkuta. Elia akasimama wima, akasema, "I have some." Aliyefuata akasema, "I have a few." Mimi nilipofikiwa, maneno yalikuwa yameniruka yote, nikasema, "I have about," nikakaa. Hakuna aliyetaja namba, darasa zima. Mwalimu akaona tumepanga kumdhihaki. Tulichapwa wote, waliojibu na ambao hawajafikiwa.

Mama alikwenda shuleni na jembe begani, anatoka shamba. Mwalimu akamwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba kwa upole kabisa, kisha akamwambia, "Mwanangu, hesabu alizeti, hesabu mawe. Hawa niachie mwenyewe." Mwalimu akasema ameelewa. Toka siku hiyo tulihesabu mbuzi wa kwenye kitabu.

Elia hakuliacha lile neno lake. Amekua nalo, ameoa nalo, amekwenda kufungua duka Shelui nalo. Ndugu zetu walipoanza kuondoka, mmoja leo, mwingine baada ya mavuno, kila tulipotoka kuzika alinipigia simu jioni akauliza, "Dada, tupo?" Namjibu, "Some." Anacheka, nami nacheka, huku machozi yananitoka. Hata tulipobaki mimi na yeye tulisema vivyo hivyo. Siku hizi jioni simu naichaji tu, haiiti.

Vijana wa sasa wanahesabu kila kitu. Mjukuu wangu akija kutoka Singida Mjini, anajua simu imebakiza asilimia ngapi, na anajua ni watu wangapi wamemtazama akila chipsi. Mwulize majina ya ndugu wa babu yake, atakwambia, "Bibi, ngoja nimuulize mama." Simsemi vibaya. Ananipenda kwa namna yake, ila haraka zake zinanichosha. Hata mlenda anaupiga picha kwanza.

Basi siku ya mazishi, Upendo, binti wa Elia, akanifuata jikoni na kalamu. "Shangazi, kwenye wasifu wa baba niandike ameacha ndugu wangapi?" Nikamwambia, "Andika wachache." Alinitazama sana. Anajua. Lakini ni mtoto aliyelelewa, akaandika nilichomwambia.

Msemaji wa shughuli alikuwa kijana mgeni, hajui habari zetu. Akasoma vizuri tu, akafika hapo: marehemu ameacha ndugu wachache. Akasema tunawaomba ndugu wa marehemu wasimame, watu wawaone. Nakumbuka kwenye harusi ya Elia mchungaji naye aliomba ndugu wasimame, tukasimama benchi zima, wengine wamebeba watoto, na baba akatukemea tuache kucheka kanisani. Safari hii nilishika bega la jirani nikanyanyuka, magoti yanauma.

Kijana akaniinamishia kichwa kwa heshima. Kisha akawa anatazama chini ya turubai, viti vya mbele, viti vya nyuma, anawasubiri wengine wasimame. Watu wa Misigiri wakaangalia chini. Nikaona atasubiri sana.

"Endelea, mwanangu," nikamwambia. "Ni mimi tu."