Kitabu Kilichomwacha Mama Nje ya Msitu

Admin, ukiweka haya nakuomba ufiche jina langu. Majina mengine nimeyabadilisha mwenyewe, maana kijijini kwetu Wamagana watu wanajuana.

Mimi ni mama wa miaka sitini na tatu, nimeolewa Gakindu. Tangu nifanyiwe upasuaji wa macho siwezi kusoma, basi binti yangu akaniwekea vitabu vya kusikiliza kwenye simu. Nachuma kahawa huku nasikiliza. Napenda historia ya kweli na visa vya watu walionusurika, waliopotea kwenye theluji au waliofungwa kambini. Tuko na kundi la wasikilizaji, na kila nikimaliza kitabu natuma maoni yangu bila kuficha. Msomaji akilialia kwa sauti ili na mimi nilie, nasema. Mwandishi akituambia mtu aliishi porini miezi mitatu bila kusema alikula nini, nasema pia. Wengine hukasirika, lakini hawanunui kabla hawajanisikia.

Mwezi uliopita kijana wa jirani zetu kule nyumbani, nitamwita Muriithi, anafanya kazi Kiganjo, alinitumia kitabu chake mwenyewe. Ni historia ya babu yake, aliyejificha msituni wakati wa hali ya hatari, kabla ya uhuru. Ameitoa kwenye kaseti ambazo mzee alirekodi kabla ya kufa. "Tata, sikiliza uniambie ukweli kabla hakijatoka," akasema. Tata kwetu ni shangazi.

Nilikuwa nimeenda Wamagana kumwona mama yangu. Amepita miaka themanini na tano, lakini masikio ni mazuri. Tulisikiliza pamoja alasiri mbili tukitoa maharagwe kwa maganda. Kwa kweli kilisomwa vizuri. Baridi ya kwenye mianzi uliisikia mwilini. Mzee alikula thabai, yale majani yanayowasha, na asali, akatega pimbi, miezi sita, peke yake, bila mkono wa mtu. Kilipoisha nilikuwa tayari kukisifu. Mama akaweka ungo chini.

"Kimeisha?"

"Kimeisha, Mama."

"Mimi niko wapi hapo ndani?"

Nilidhani ni uzee. Ndipo akaniambia. Alikuwa msichana, na wanawake walikuwa wanalazimishwa kuchimba mtaro kando ya msitu ili wapiganaji wasipate chakula. Kila siku alibeba viazi vitamu vya watu wawili, akala vyake, vingine akavifukia kwenye udongo laini upande wa msitu. Yule mzee, wakati huo kijana, alikuja kuvifukua. Siku moja homugadi, mlinzi wa serikali ya mkoloni, akamwona mama akivifukia. Akamwekea mkono juu ya jiwe na kuupiga kwa kitako cha bunduki. Vidole viwili vya mama havikunjiki hadi leo. Sisi watoto tuliambiwa alianguka akitoka mtoni.

Niliporudi Gakindu nilimpigia Muriithi nikiwa na hasira. Nikamwambia kitabu chake kinapendeza lakini ni cha uongo, na nitasema hivyo kwa kundi.

Yeye humwita mama yangu Cucu, yaani nyanya, na babu yake Guka. "Tata, Cucu yuko kwa kaseti. Guka alimtaja kwa jina."

"Sasa mbona ukamtoa?"

"Kwa sababu alimtaja pia yule aliyempiga."

"Si umtaje basi. Homugadi unawaogopa mpaka leo?"

"Tata, ni baba yako."

Nilikaa chini hapo hapo kwenye kahawa. Marehemu baba alituambia miaka hiyo alikuwa Nanyuki akifanya kazi. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na kanisa letu limejengwa kwa shamba alilotoa. Nikiwa msichana, miaka ya sabini, sikukuu za taifa zilifanyiwa kwenye uwanja wa shule. Yule mzee alisimama akaeleza alivyoishi msituni peke yake, na baba, ameketi mbele na wageni, akapiga makofi. Mama alikuwa amesimama nyuma na wanawake wengine. Sasa siwezi kuacha kuwaona wote watatu.

Nilirudi Wamagana. Nikamuuliza mama kama alijua ni yeye alipokubali kuolewa.

"Ningekosaje kumjua? Uhuru ulipokaribia alileta mbuzi kwa baba yangu, akaomba msamaha. Mimi hakuniomba. Baba akasema yaishe, nikaolewa. Hakunipiga tena." Akaendelea na maharagwe yake. "Nimempikia miaka arobaini kwa mkono huu."

"Sasa unataka tufanye nini, Mama?"

"Nataka jina langu liingie. La baba yako, fanyeni vile mtaona."

Muriithi, aliyekisoma kitabu mwenyewe, yuko tayari kuirekodi upya sura ya chakula ili mama aingie. Anaweza kusema tu "mlinzi mmoja." Lakini wazee waliobaki wataanza kuuliza ni nani, na mimi ambaye hukosoa waandishi wanaofunika mambo nitasema nini? Kaka yangu, mzee wa kanisa, ameniambia, "Ati Mama anakumbuka? Mama amechanganyikiwa. Ukigusa jina la baba, usikanyage kwangu." Yeye mwenyewe hajaenda kumuuliza. Na mimi nilimpenda baba. Ndiye alinilipia shule wakati wasichana wengi walikuwa wanaachwa nyumbani.

Siku hizi nikianza kitabu kingine nakizima baada ya dakika tano. Nachuma kahawa mbichi pamoja na mbivu. Kundi linaniuliza nimepotelea wapi. Muriithi anataka jibu mwisho wa mwezi, na kila nikimpigia mama, kabla hata ya kunisalimia vizuri, ananiuliza, "Nimeingia?"

Nyinyi mnaosoma haya, hasa mliofichwa siri kama hizi nyumbani kwenu, nipeni shauri. Nimjibu mama nini?